Daftari la Sala la Baba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wajukuu wa wenzangu, kaeni vizuri. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno mazuri humu. Lakini aliyeungua hasubiri shule ndipo aeleze moto.

Nakumbuka siku moja, kwetu Mutsamudu, mama alifunga mzigo wangu niende Moroni kutafuta kazi. Juu ya nguo akaweka daftari la baba. Wazazi wangu walikuwa Wamalagasi wa Majunga, Wakristo, walioletwa Komoro na kazi ya mashamba ya mlangilangi huko juu Patsy. Wakristo tulikuwa wachache, na padre alifika kwa nadra. Ndiyo maana baba aliandika sala zetu zote kwa mkono, kwa Kimalagasi, kurasa kwa kurasa, na mama akalishonea daftari jalada la kaniki. Baba alipofariki mimi ndiye nilikuwa namsomea mama kila alfajiri, maana yeye hakujua kusoma. Sasa ananipa mimi niondoke nalo.

"Nawe utasoma nini?" nikamwuliza.

"Mimi ninalo kichwani. Wewe ndiye huna. Soma kabla chai haijagusa mdomo, basi."

Mwanangu, Moroni nilifika uhuru ukiwa bado mchanga, vijana wa kamati za mapinduzi wameshika nchi. Watoto wa juzi wanawaamuru wazee. Nilipata kazi ya kufagia ofisi, na nikapanga chumba mtaa wa Badjanani kwa bibi mmoja Mwislamu, Bweni Zainaba. Mwezi wa kwanza nilisali kila siku. Halafu nikaacha siku moja kwa sababu nimechelewa. Halafu nyingine kwa sababu ya mvua. Mvua na sala wapi na wapi? Lakini anayetaka kuacha hakosi mvua.

Ofisini palikuwa na msichana wa kamati, Moinaecha, mdomo kama pilipili. Kila akiniona na kikapu changu anacheka. "Haya, Mkristo wetu! Bado unanong'onezana na Mungu wa Wafaransa? Wenyewe wameshapanda ndege, amebaki na nani?" Wote wanacheka. Nami nacheka nao. Hapo ndipo pa kulia, mwanangu, si kwingine: nilicheka nao.

Bweni Zainaba aliona. Asubuhi moja, akiwa amekaa kwenye mkeka wake wa kuswalia jikoni, akaniita.

"Wewe, siku hizi sikusikii ukisoma."

"Kwezi, Bweni," nikamwamkia kwa heshima. "Mambo yamebadilika. Wewe huoni?"

"Mbona naona sana. Mimi vijana wa kamati wamenivua shela njiani, umri huu, watu wananitazama. Alfajiri yangu hawakunivua. Yako amekuvua nani?"

Nilichukua kikapu nikaondoka na hasira, kwa sababu mkubwa akikuambia kweli, unamchukia yeye kwanza.

Ikafika siku ya kuchoma makaratasi ya ofisi. Mafaili ya wakoloni yalitolewa uani mkono kwa mkono, nami nikabeba pamoja na wenzangu. Daftari lilikuwamo kikapuni, chini ya kanga, sijalifungua kwa majuma. Kanga ikateleza, Moinaecha akaliona. "Na hilo?" Akasema hivyo tu, mkono kiunoni. Watu wakageuka. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitisha. Nililitupa motoni mwenyewe. Wakapiga makofi. Kaniki huchelewa kushika moto. Nilisimama nikaitazama mpaka ikashika.

Tangu siku hiyo sikupata utulivu. Nilikula bila ladha, nikafagia chumba kimoja mara mbili. Mkataa kwao ni mtumwa, nami nilikuwa mtumwa wa makofi ya watu ambao hata jina langu hawakulijua vizuri.

Baada ya miezi ikaja habari kwamba mama ni mgonjwa. Nikapanda meli kurudi Mutsamudu. Nilimkuta amelala, macho yamefunga ukungu, ananijua kwa sauti. Alfajiri akasema, "Nisomee."

Nikafanya jambo ambalo hadi leo linanikosesha usingizi. Nilichukua daftari tupu nililonunua sokoni Volo Volo, Moroni, nikalifungua, nikajifanya nasoma. Sala ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka nusu. Ya tatu nikakwama kabisa, nikabaki nafunua kurasa ili asikie karatasi. Mama akaendelea pale nilipokwama, taratibu, hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono akalipapasa jalada. Laini. Hakuna mshono.

Nilingoja aulize daftari liko wapi. Hakuuliza.

"Uliacha lini?" akasema.

"Nini, mama?"

"Kusali. Usinizungushe."

Nikamweleza yote, hata makofi. "Karatasi ya baba yako ni karatasi," akasema. "Ungekuwa unasoma kila siku, sala zingekukaa kichwani, wangechoma wakachoka. Ulipolitupa ulikuwa huna kitu tena."

Alinifundisha sala hizo kwa kichwa asubuhi sita. Ya saba hakuamka. Uso wake ulikuwa umetulia. Wangu haukutulia. Sala mbili za mwisho alikwenda nazo, sikuzijua tena hadi leo, na hakuna wa kumwuliza.

Majuto ni mjukuu, wanasema, nami nawaandikia wajukuu. Sikilizeni basi. Amani ya moyo haiji siku ya shida ukaipata mlangoni. Huwekwa kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi, na huvuja vivyo hivyo: siku umechelewa, siku ya mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta huu nimeujenga miaka yote hii, na bado kuna upande unaoingiza upepo. Sali umechoka, sali umenuna, sali husikii kitu. Mungu awape alfajiri nyingi, na awape wa kuwakumbusha wasioogopa kuwaudhi.

Nyumbani kwangu nimetoa amri moja, na wanangu wanaijua: hakuna anayefunga mzigo kuondoka hapa kabla sijamsikia akisali sala zote, kitabu cha sala kimefungwa na nimekikalia mimi.