Gari la Kupumzisha Macho

Kila Polycarpe Murhula alipogonga kitu, kosa lilikuwa la jipu lake, lile gari kuukuu. Alipokwaruza nguzo ya geti la nyumbani kwao, mtaani Nguba, alisema usukani umekuwa mzito kama wa lori. Alipoangusha mkokoteni wa makabichi karibu na soko la Kavumu, alisema kiti kimemharibu mgongo hata shingo haigeuki. Akalipa makabichi, akaomba radhi, akaendelea na safari huku akililaani jipu kwa Kifaransa.

Yolande, mke wake, alimwamini, na mtu yeyote angemwamini. Jipu lile lilikuwa limewazidi umri watoto wengi wa mtaa, akiwemo binti yao Aurore, ambaye alikuwa amekwisha kuingia chuo kikuu. Kila siku ya kazi Polycarpe aliliendesha kutoka mjini hadi Lwiro, ambako alitunza mkusanyo wa mimea iliyokaushwa kwenye kituo cha utafiti. Njia ya kwenda huko ni lami yenye mashimo, halafu ni mawe na udongo, na mvua ikinyesha inakuwa kitu kisicho na jina. Jioni alirudi mabega yamekakamaa, macho mekundu, hana hata hamu ya kuzungumza. Yolande alimkanda shingo kwa mafuta ya mawese na kumwambia kwamba wakati umefika wa kununua gari la kistaarabu, gari ambalo mtu anashuka akiwa bado mtu.

Polycarpe alikubali haraka. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia.

Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda peke yake kwa daktari wa macho. Walimkalisha mbele ya mashine, wakamwambia atazame nukta iliyo katikati na abonyeze kitufe kila anapoona cheche ya mwanga pembeni. Alikaa akisubiri cheche. Zilikuja chache sana, akadhani mashine imeharibika. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba presha ndani ya macho inakula uwezo wa kuona, ikianzia pembezoni na kuingia katikati, taratibu, bila maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Alimwandikia dawa ya matone ya kutia kila jioni. Kisha akamwambia aache kuendesha gari.

Kuhusu matone alitii. Kuhusu gari alibishana na daktari moyoni mwake muda mrefu baada ya kutoka pale. Mbele aliona vizuri kabisa. Aliweza kusoma namba ya gari lililokuwa mbali barabarani, aliweza kuona vinyweleo vya jani kavu bila kioo cha kukuzia. Mtu anayeona hivyo atakuwaje kipofu? Ulikuwa uchovu tu. Lilikuwa jipu. Akipata gari jepesi, lililotulia, lisilompiga mgongo na kumpigia kelele masikioni, macho nayo yatapumzika na kufanya kazi yao. Alijirudia maneno hayo mpaka yakageuka kuwa imani. Tena kulikuwa na Aurore. Kila asubuhi binti alipanda naye, baba akamshusha karibu na chuo, na safari ile fupi ndiyo iliyokuwa saa yao ya kucheka na kubishana. Polycarpe hakuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya cheche za mashine.

Basi wakaanza kutafuta. Gaston, aliyeimba nao katika kwaya ya parokia, alikuwa na biashara ya magari yaliyokwisha kutumika, na alifurahi kuwahudumia. La kwanza alilowaletea lilikuwa refu, lenye magurudumu makubwa. Yolande alilipenda mara moja kwa sababu ya mashimo ya njia ya Lwiro. Polycarpe alizunguka nalo mtaa mmoja tu, akasema ni jipu lilelile limevalishwa rangi mpya. La pili lilikuwa laini kama godoro, lakini usukani wake ulikuwa kuume. Polycarpe alikataa hata kuliwasha. Alisema kwetu tunapita upande wa kuume, na shoferi aliyekaa upande huohuo hawezi kuona vizuri anapotaka kumpita mwenzake. Aliyemsikia angedhani anamsikiliza mtu makini sana kwa usalama wa watu.

Alikagua magari kwa namna iliyomshangaza Gaston. Alikaa, akafunga mlango, akasikiliza ukimya. Alishika nguzo za kioo cha mbele kwa vidole, apime kama ni nene kiasi cha kuficha njia. Yolande alicheka akasema hata yeye hakuchunguzwa hivyo wakati wa posa.

La tatu lilikuwa la kijivu. Usukani ulikuwa kushoto, gia zilijibadilisha zenyewe, kioo cha mbele kilikuwa kipana, na fundi alikuwa ameliinua kidogo ili tumbo lisikwaruze mawe. Yolande aliketi nyuma, na baada ya muda mfupi akavua viatu. Gaston aliona viatu vile, akajua biashara imeiva.

Walikwenda kulijaribu Jumamosi mchana. Polycarpe alishika usukani, Gaston akakaa kando yake, Yolande nyuma. Walipanda kuelekea Nyawera, wakateremka, wakapanda tena. Mashimo yalisikika kwa mbali, kama mtu anayepiga mlango wa jirani. Polycarpe aliona mikono yake mwenyewe imelegea juu ya usukani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuumwa kichwa. Kati ya nyumba mbili ziwa lilitokea, Yolande akamwonyesha, naye akageuza uso akaona kipande cha buluu kama kwa kuchungulia ndani ya bomba. Kilimtosha. Alijiambia kwamba ameshinda, kwamba daktari alikosea, kwamba kumbe mtu alihitaji starehe kidogo tu.

Kwenye mteremko uliofuata alisikia kishindo upande wa kuume. Kilikuwa kidogo sana, kwa sababu gari lilikuwa laini. Angeendelea kwenda kama Yolande asingemkamata bega kwa nguvu na Gaston asingevuta freni ya mkono.

Mwanamke alikuwa ameketi chini pembeni ya barabara, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kuume, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine. Alikuwa muuza sambaza, jina lake Cibalonza. Beseni lake lilikuwa limebiringika mpaka kwenye mfereji, na vile visamaki vilikuwa vimetapakaa mbele ya gari, viking'aa.

Watu walijaa upesi. Motari watatu walisimamisha pikipiki zao mbele ya gari ili lisiondoke, na mtu mmoja akaanza kupiga bati la juu kwa kiganja. Gaston alikuwa wa kwanza kushuka. Alikuwa na maneno mazuri, aliyazoea. Aliwaeleza watu kwamba mama huyu aliruka ghafla kuingia barabarani, akikwepa dimbwi, na kwamba hakuna shoferi duniani ambaye angeweza kumkwepa. Wengine wakaanza kutikisa kichwa kukubali. Polisi wa barabarani alipofika, Gaston aliyarudia yote kwa mpangilio bora zaidi.

Cibalonza alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa pembeni. Sikuingia mu barabara."

Hakuna aliyemjali. Polycarpe alimsikia. Alimtafuta Yolande kwa macho, akamkuta amesimama karibu na mlango wa nyuma, miguu mitupu juu ya changarawe. Yolande alikuwa ameona kila kitu tangu mwanzo. Alikuwa amemwona mama yule kutoka mbali, akasubiri gari likwepe kidogo, halikukwepa. Alimtazama mumewe kama mtu anayerudi nyuma akilini hatua kwa hatua: nguzo ya geti, mkokoteni wa makabichi, glasi alizozigonga mezani mara kwa mara. Polycarpe alielewa kwamba mkewe anakaribia kufika, na kwamba atafika bila msaada wake.

"Mama anasema kweli," alimwambia polisi. "Alikuwa pembeni."

"Sasa weye ulikuwa naangalia wapi, papa?"

"Mbele. Mi ninaonaka mbele tu. Pembeni sionake."

Gaston alimvuta mkono wa shati, akamnong'oneza kwa Mashi, lugha ya kwao, anyamaze. Aliyekuwa akipiga bati aliacha. Motari mmoja akamwambia mwenzake, bila hasira, kana kwamba anaeleza hali ya hewa, kwamba ni kipofu anaendesha motokari. Polycarpe alitamani wampige. Hawakumpiga.

Polisi alichukua permi yake ya kuendesha. Kwa kuwa Yolande hakujua kuendesha, Gaston ndiye aliyewapeleka hospitali. Polycarpe alikaa nyuma pamoja na Cibalonza, beseni likiwa mapajani mwake na sambaza wachache ambao watu walikuwa wamewaokota. Gari lilikwenda kwa ulaini uleule. Kila lilipopita shimo Cibalonza alifumba macho na kusubiri maumivu, na kila mara alionekana kushangaa kwamba si makali kama alivyoogopa.

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Wakati wanamfunga, Yolande alimkalisha mumewe kwenye benchi la korido na kumuuliza ni tangu lini. Polycarpe alimweleza yote, mashine, cheche, maneno ya daktari. Yolande hakupandisha sauti.

"Aurore anapandaka na weye kila asubuyi."

"Najua."

"Hapana, haujue. Kama ungejua, ungeacha."



Usiku ule Yolande alihamia chumba cha binti yao. Aurore alilia, kisha akasema atamsaidia baba yake, watakuwa wanasafiri pamoja na atamwambia kilichopo pembeni. Yolande alimkatiza akasema mtoto si miwani. Jipu lilichukuliwa na fundi mekanisien mmoja kwa ajili ya vipuri. Polycarpe akaanza kwenda Lwiro na magari ya abiria, akiondoka gizani, na watu wa kazini walipouliza sababu aliwaambia ukweli. Aligundua kwamba kuusema hakukuwa kugumu. Ugumu ulikuwa kwamba ungeweza kusemwa siku ile ile ya kwanza.

Mkono wa Cibalonza ulipona vibaya. Haukuweza tena kunyanyuka mpaka kwenye beseni la kichwani, na kuzunguka mitaani ndiyo iliyokuwa kazi yake. Familia mbili zilikutana mbele ya chifu wa mtaa, na zaidi ya kulipa gharama za hospitali, Polycarpe na Yolande walikubali kumtafutia mahali pa kuuzia sokoni, penye meza na kivuli. Cibalonza alipokea. Polycarpe alimtembelea huko mara mbili. Mara ya pili alimkuta anapima sambaza kwa mkono mmoja, akataka kumsaidia kushika mfuko.

"Usikuye tena, papa," Cibalonza alimwambia. "Sikuchukii. Lakini ukikuya, mukono unauma. Mama Aurore akuye."

Hakwenda tena. Yolande huenda yeye, na hurudi na sambaza ambao Polycarpe huwala kwa shida.

Miezi ikapita kabla Yolande hajarudi chumbani. Wakati huo alikuwa ameanza kujifunza kuendesha, akiwa na umri ambao wenzake wanafikiria pensheni. Hakupenda kuendesha. Alitoka kwenye masomo blauzi imelowa jasho. Siku moja alimwambia mumewe waende kuona gari. Polycarpe alikataa, akasema yeye na magari basi.

"Weye unajua viti," Yolande alisema. "Mi ninajua kuogopa tu. Kuya."

Alikaa kiti cha abiria. Hapakuwa pa Gaston tena. Gaston aliona haya, akawaepuka hata kwenye kwaya. Polycarpe alimwambia mkewe asogeze kiti mpaka aone pua ya gari, akamuuliza anaona nini katika kila kioo, akasikiliza injini. Yolande hakuchagua lililo laini kuliko yote. Alichagua dogo, lililoinuka, lenye madirisha makubwa, ambalo ndani yake kila jiwe la njia lilisikika mpaka kitini. Polycarpe alimshauri kwamba mgongo wake utateseka, kwamba lipo lingine la kustarehesha zaidi.

"Hapana," alisema Yolande. "Ninataka nisikie kila kitu motokari inagusa."

Sasa anampeleka Lwiro siku za Jumatatu, siku ambazo Yolande huruhusiwa kuchelewa ofisini kwake. Aurore huketi nyuma mpaka chuoni, na hazungumzi sana kama zamani. Polycarpe ameambiwa kwamba matone yanachelewesha tu upofu. Katika kipimo cha mwisho duara la kile anachokiona lilikuwa limepungua tena. Njiani hawafungui redio. Yolande hushika usukani kwa mikono miwili, mabega juu, na Polycarpe hujizuia kumwambia alegeze.

Jumatatu iliyopita, karibu na Kavumu, Yolande alisimamisha gari ghafla. Mbele ya Polycarpe barabara ilikuwa tupu kabisa. Alitaka kuuliza kuna nini, kisha akasikia viatu na sauti za watoto wa shule wanaokuja kutoka kuume, wengi. Hakuwaona mpaka walipofika katikati ya kioo. Alikaa, mikono mapajani, akiwatazama wanavyotokea na kupotea, mpaka Yolande alipohakikisha hakuna aliyebaki, akaondoa gari polepole.