Farasi wa Fundi Ferdinand

Ferdinand Nankwanga alichonga chesi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla hajajua inachezwaje. Kwenye banda lake la vinyago pale Mwenge, seti za mpingo zilipangwa nyuma ya masimba na vichwa vya wazee. Watalii walizinunua, zikafungwa kwenye magazeti, wakaenda nazo kwao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Kwa Ferdinand huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba kazi yake haina kasoro. Mkewe Editha, aliyekaa naye bandani akivipiga msasa vinyago na kuvipaka rangi ya viatu, aliwahi kumwambia kwamba mtu wa Ujerumani hapandi ndege kuja kulalamikia kete. Ferdinand akajifanya hajasikia.

Aliyekuja kuharibu raha hiyo alikuwa Naima, binti mmoja mwanasheria aliyekuwa akiendesha klabu ya chesi Mikocheni. Klabu yake ilikuwa inaandaa mashindano, na mwishoni angekuja mgeni kutoka Misri, grandmasta, ambacho ndicho cheo cha juu kabisa katika mchezo huo. Naima hakutaka mgeni wa namna hiyo achezee kete za plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, angalia. Kuangalia bure."

Naima akachukua kete mbili, akazisimamisha kwenye kiganja. "Mzee, mbona malkia amemzidi mfalme urefu?"

"Ndivyo ilivyo nyumbani kwangu," Ferdinand alisema.

Editha hakuinua uso kutoka kwenye msasa wake. "Mwambie mgeni ukweli. Hujui hata yupi ni yupi."

"Kwani mzee, wewe mwenyewe huchezagi?" Naima aliuliza.

"Sichezi. Fundi wa majeneza naye halali ndani yake."

Naima akacheka, lakini oda hakuitoa mpaka Ferdinand alipokubali kujifunza walau namna kete zinavyotembea, ili ajue anachonga nini. Akamfundisha palepale, juu ya gogo. Jioni ile Ferdinand akasahau kufunga banda. Wiki iliyofuata akaenda Mikocheni mwenyewe, amevaa shati la kanisani, kuuliza kama wazee wanaruhusiwa kujiunga.

Waliruhusiwa. Tatizo lilikuwa jingine. Naima alimweleza kila kete ina thamani yake: askari moja, farasi tatu, ngome tano. Ferdinand akakataa katakata. Ngome ni kigogo cha mviringo, unakikata meno juu, umemaliza. Kijana wa juzi anaweza. Askari unawatoa kwenye mashine mfululizo huku unapiga soga. Lakini farasi ana masikio, ana pua, ana manyoya ya shingoni, na ukikosea mara moja tu sikio linaruka, unaanza upya. Mtu gani mwenye akili atamtoa farasi apate ngome?

"Mzee, hapa tunahesabu nguvu ya kete, sio jasho la fundi," Naima alisema.

"Basi mnahesabu vibaya."

Akawa anacheza hivyohivyo. Askari wake waliliwa kama karanga, ngome zake alizitoa bila hata kupepesa jicho, ila ukimgusia farasi, anaacha kila kitu, anakimbia naye. Haikuchukua muda klabu nzima ikajua. Na aliyejua kuliko wote alikuwa Abdulrahman.

Huyu alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mkazi wa Kurasini, mtu wa makamo kama Ferdinand mwenyewe, aliyezoea kubishana na kila afisa mpaka kontena litoke. Mezani alikuja na mbinu zote za nje ya ubao. Alikunywa kahawa kwa kuivuta kwa sauti. Akishacheza vizuri alihema kama mtu aliyejutia, ili ujichanganye. Wewe ukibakiwa na dakika chache kwenye saa, yeye ndipo alipokumbuka kufuta miwani yake, taratibu, kana kwamba hakuna duniani mtu mwenye haraka. Mwamuzi hakuwa na kifungu cha kumshika nacho.

Siku ya mashindano, ukumbi ukiwa umejaa na kimya kimetanda, majina ya wawili hao yakatoka pamoja raundi ya pili.

"Fundi," Abdulrahman alisema huku akivuta kiti, "farasi wako hawajambo?"

"Wanakusalimia."

Mchezo ulikuwa wa aibu. Abdulrahman alimtishia farasi wa kushoto, Ferdinand akamkimbiza; Abdulrahman akala askari wawili. Akamtishia wa kulia, Ferdinand akamkimbiza, akala ngome. Ikaendelea hivyo mpaka malkia naye akaondoka. Mwisho Ferdinand akabaki na mfalme na farasi wake wawili, wazima, wanang'aa, wamesimama pembeni kama wageni waliofika arusini baada ya pilau kwisha. Mfalme akafungwa kwenye kona akiwatazama.

"Mifugo yako imepona," Abdulrahman alimwambia walipopeana mikono, na watu wa meza za jirani wakaziba midomo.

Hata hivyo Ferdinand hakumaliza vibaya. Raundi nyingine alikutana na watu wasiomjua, na akiwa hatishiwi farasi alicheza vizuri tu, maana jicho lake lilizoea kuona umbo ndani ya gogo kabla halijatokea. Alishika nafasi ya mwisho kati ya wale ishirini walioruhusiwa kucheza na grandmasta. Abdulrahman alikuwa wa tatu, na hakuacha kuitaja nafasi hiyo.

Jumapili mchana meza zikapangwa nusu duara, watu ishirini wamekaa upande wa nje, na grandmasta Wagdi akawa anatembea ndani, mmoja dhidi ya wote. Alikuwa mwanamume mfupi, mpole, mwenye koti lililopauka viwiko. Wengi walitegemea mtu wa kutisha zaidi. Alisimama kidogo tu kila meza, anasogeza kete, anapita, kama mtu anayekagua mboga sokoni.

Abdulrahman alikuwa amejiandaa. Mgeni alipomfikia, akamsalimia kwa Kiarabu cha madrasa, kirefu, chenye dua ndani yake. Grandmasta akafurahi sana, akaweka mkono kifuani, akajibu kwa adabu zote, kisha akasogeza askari wake. Mizunguko michache baadaye akaacha farasi wake mbele ya ngome ya Abdulrahman, bure kabisa. Abdulrahman akahema, akafuta miwani, akamla. Mgeni hakujichanganya. Malkia akaingia, mfalme akafungwa, na Abdulrahman akawa mtu wa kwanza ukumbini kusimama.

Akaenda kusimama nyuma ya Ferdinand, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine.

Pale nako mambo yalikuwa yanakaribia kufanana. Grandmasta alikuja, akatazama, akamchukua farasi wake mweupe na kumweka karibu kabisa na mfalme wa Ferdinand. Askari wa Ferdinand angeweza kumla. Hakuna kilichomzuia. Mgeni akaendelea na safari yake ya meza kwa meza.

Ferdinand akamtazama yule farasi, akamtambua: wa oda ya Naima, kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikuwa ndiye aliyemsumbua kuliko wote: ganda jeupe la mpingo, analochongea kete nyeupe, lilipasuka karibu na taya, akalazimika kuichonga upya shingo nzima, ikatoka imeinama kidogo, kama farasi anayesikiliza. Editha alimsifia siku hiyo, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Na kule kando ya ubao, kete zilizoliwa zilikuwa zinatupwa kwenye boksi, zinagongana. Mkono wa Ferdinand ulifika kwa askari, ukarudi. Hakuwa na hesabu yoyote kichwani. Hakutaka tu awe yeye wa kumtupa.

Akasogeza mfalme wake pembeni, nyumba moja.

Nyuma yake Abdulrahman alitoa mguno wa mtu aliyeona mwenzake anakanyaga ndoo.

Grandmasta aliporudi, kwa mara ya kwanza siku ile, alisimama. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Akavuta kiti cha jirani, akakaa. Ukumbi ukaanza kusogea upande ule. Mchezo ukawa mrefu, meza nyingine zikafungwa moja baada ya nyingine, na mwisho ilibaki ya Ferdinand peke yake. Hakushinda. Askari mmoja wa mgeni, mdogo, wa mashine, alijipenyeza kimyakimya mpaka mwisho wa ubao akawa malkia, na Ferdinand akalaza mfalme wake kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakapiga makofi.

Mgeni akasema kitu kwa Kiingereza. Naima akatafsiri: "Anasema kila aliyemwekea mtego ule leo aliingia. Anauliza wewe uliuonaje."

Mtego. Ferdinand ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari zake. Macho yote yalikuwa kwake, ya Abdulrahman yakiwa karibu zaidi.

"Mwambie," alisema taratibu, "nilimwangalia farasi kwanza."

Grandmasta akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, akampa mkono kwa mara ya pili.

Usiku mezani, Editha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka bakuli la mchuzi chini ili asilimwage kwa kicheko. "Kwa hiyo ulimwonea huruma."

"Sikudanganya. Nilimwangalia."

"Ulimwangalia, ndiyo. Kama ulivyomwangalia tangu alipokuwa gogo."

Ferdinand alidhani mambo yameishia hapo, lakini hakumhesabu Abdulrahman. Kesho yake habari zilikuwa Kurasini nzima, na kutoka Kurasini zikavuka mpaka Mtoni: kuna mchonga vinyago pale Mwenge aliyeuona mtego wa grandmasta. Abdulrahman hakufanya hivyo kwa ukarimu. Kadiri Ferdinand alivyokuwa mkubwa, ndivyo alivyokuwa mkubwa zaidi yule aliyemfunga raundi ya pili, na hilo hakusahau kulimalizia kila aliposimulia.

Wakaanza kuja watu. Wanafunzi, madereva wa malori, hata mwalimu mmoja wa hesabu, wote wanataka waelezwe ule mtego ulikuwaje. Ferdinand aliwaambia yuko bize na oda. Mwisho akampigia simu Naima, akamwomba aje bandani, na aje bila mtu.

Naima alipanga kete juu ya gogo, zilezile sehemu zilezile, akamla farasi mweupe kwa askari mweusi. "Sasa tazama." Malkia akashuka kwenye mstari uliofunguka. Cheki. Mfalme akakimbia. Ngome ikaja. Mfalme hakuwa na pa kwenda.

Ferdinand akarudisha kete, akafanya mwenyewe. Akajaribu kukimbilia upande mwingine, ikawa vilevile. Jasho likamtoka upya, la mchezo ulioisha wiki nzima iliyopita.

"Naima," alisema hatimaye, "hili Abdulrahman asilijue."

"Sitamwambia, mzee. Ila alikuwa ananiuliza kama unaweza kumfundisha, Alhamisi jioni, akitoka bandarini."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia utakuwepo."

Ferdinand akarudisha kete sehemu zake. Kisha akavuta kigoda karibu na gogo. "Basi nionyeshe tena," alisema. "Polepole. Anza kwa yule malkia."