Chanjo ya Miezi Tisa

Barua ilitoka shuleni kwa binti yangu, karatasi moja mbele na nyuma. Mbele waliandika kwamba kuna watoto wanaougua surua hapa Woolwich, na kila mzazi ahakikishe mtoto wake amechanjwa. Nyuma waliorodhesha umri: wiki nane, wiki kumi na mbili, wiki kumi na sita, mwaka mmoja, kisha utoto wote mpaka miaka kumi na minne, halafu pengo refu hadi sitini na tano. Niliisoma nimesimama jikoni, sijavua hata sare ya kazi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kwa hiyo mistari ya chini naijua vizuri: mafua kila mwaka, nimonia, mkanda wa jeshi. Ya juu ndiyo iliyonishinda.

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Nilimzaa Morogoro, nikamwacha kwa mama yangu akiwa na miezi minne, nikaja huku kwa Waingereza kutafuta maisha. Nilimchukua akiwa na miaka mitano. Sindano ya siku aliyozaliwa niliiona. Za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne nilimpakata mwenyewe. Lakini surua kwetu huchomwa miezi tisa, na tena mwaka na nusu. Alipotimiza miezi tisa, mimi nilikuwa napiga deki ofisi za watu Croydon.

Alipofika nilikwenda kumwandikisha kwa daktari. Fomu iliuliza amepata chanjo zipi na kadi yake iko wapi. Kadi ilibaki kwenye pochi ya mama, alisahau kunikabidhi tulipoagana. Sasa, aliyepitia kliniki za kwetu anajua maana ya kusimama mbele ya nesi bila kadi. Utasemwa mbele ya wamama wote, kuanzia kadi uliyoipoteza mpaka kanga uliyombebea mtoto. Woga huo nilipanda nao ndege. Nikaandika kwamba mtoto amemaliza zote. Dada wa mapokezi akaniomba kadi niilete nikiipata, nikamwambia wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ikawa miaka minane.

Mama alifariki mwaka juzi. Sikwenda kumzika kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa imekwama kwenye maombi ya kibali cha kuishi huku. Msiba wa mama yangu niliukaa kitandani, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, naangalia migongo ya watu.

Baada ya ile barua nilimpigia mama mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo, unaumwa?"

Nikamuuliza kuhusu kadi ya kliniki ya mtoto, ile iliyokuwa kwenye pochi ya marehemu.

"Tulipoanua matanga nguo tuligawana. Makaratasi tukachoma. Tungejuaje kama unayataka?"

"Lakini unakumbuka kama alimpeleka ile ya surua?"

"Dada kwa kliniki hakuwa na mchezo. Ila nikuambie nimeona kwa macho yangu? Mimi nilikuwa Dodoma, mwanangu."

Sikuwa na la kumlaumu. Aliyejua alikuwa mtu mmoja, na nilikuwa na miaka sita ya kumuuliza. Kila Jumapili tulizungumza. Tulizungumza bei ya mchele, na goti lake, na mvua.

Basi nikaweka miadi, nikampeleka binti yangu. Nesi alikuwa mdogo kwangu kwa umri, nywele kazifunga juu. Akageuza kompyuta nione.

"Hapa uliandika amepata zote," alisema, "ila hatuna tarehe hata moja."

Nilitazama mikono yangu. "Niliandika uongo. Sijui kama alichomwa."

Nikasubiri. Nilijua kinachofuata, hata mabega yangu yalijua.

"Haina shida," akasema. "Pasipo na kumbukumbu tunachukulia hajapata, tunaanza upya. Kama alishapata, kurudia hakutamdhuru. Nyingine ni baada ya mwezi."

Kwisha. Miaka minane ya kukwepa dirisha la mapokezi, imekwisha kwa maneno hayo. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliumia, na sioni haya kusema. Nilitaka anifokee. Nilitaka aniulize ni mama gani asiyejua mtoto wake kachomwa nini, aniseme mpaka nilie, kisha anyooshe mkono ampokee mtoto kama manesi wa kwetu wanavyofanya. Upole wake ulikuwa wa kila mtu, na mimi nilikuwa mmoja wa kila mtu.

Kabla ya kuchoma alitafuta kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye bega la kushoto, akalikosa. Binti yangu akapandisha mkono wa fulana upande wa pili. Wa kwetu huchomwa bega la kulia. Kovu lilikuwepo, dogo, limeng'aa.

"Na wewe mama," nesi akaniuliza akiwa amemaliza, "una uhakika na zako?"

Nilikaribia kucheka. Aliyejua zangu ni yuleyule.

"Nichome na mimi," nikasema.

Ndani ya basi tulikaa juu, siti za mbele. Binti yangu akachomoa hedifoni moja. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Mum, hii ya bega la kulia, nililia?"

"Ulilia sana. Ulikuwa na siku moja duniani. Ulinishika kidole, hukukiachia mpaka ukalala."

Alitabasamu dirishani. "Na zile nyingine? Za huko kwa Bibi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: ulilia kidogo tu, Bibi akakubeba mgongoni, ukanyamaza. Lingemtosha. Lakini ingekuwa fomu ileile, ninaijaza mara ya pili.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuwepo. Na aliyekuwepo hatunaye."

Alinitazama kama anayesubiri niendelee.

"Okay," akasema, akairudisha hedifoni sikioni.

Tulipokaribia kituo chetu bega langu lilianza kuuma pale nilipochomwa. Lake pia lilikuwa linamuuma, niliona anavyolishika. Nilitamani kumuuliza kama linauma sana, na labda naye alitamani kuniuliza, lakini tulishuka kila mmoja amelishika la kwake.