Pneu ya nyuma ya gari ya Papa

Leo nilikaribia kulia kwa garage, mbele ya batu.

Kesho niko namupeleka dada yangu Furaha ku ndoa yake kule mu muji wa Beni, na gari ya sport ya zamani ya Papa. Mais pneu ya nyuma, ile mupira ya gurudumu, inakwaruza bati ya juu yake kila nikiingia mu shimo.

Fundi wetu wa mutaa wa Vulamba akawasha mashini ya kukata chuma.

"Tutapunguza bati kidogo."

Kukata gari ya Papa! Gari yenye hapana mutu anaegemea!

Nikamupigia Papa simu, nikamuelezea yote. Nikasema moyoni: imeisha.

"Inagusa pande zote mbili?"

"Hapana, Papa. Kushoto tu."

"Basi bati haina kosa. Aangalie resori, ile springi ya kubeba gari."

Fundi akaingia chini ya gari. Akatoka bila kucheka. Resori ya kushoto ilishavunjika, na pneu ilishalika ndani mpaka nyuzi zinaonekana.

Na njia ya Beni munaijua: mashimo tupu, pneu ingepasukia kule.

Sasa banabadilisha vyote viwili. Mimi niko nimekaa chini, nabangojea.

Papa amesema Furaha asijue. Donc tafadhali, mutu hapana kumutag ku hii post.