Adventina wa Reli ya Matofali

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Muyinga kwenye harusi ya mpwa wangu, na shemeji yangu Hamadi akaniharibia pilau. Huyu Hamadi hajawahi kupanda baiskeli zaidi ya kutoka dukani kwake hadi msikitini. Lakini alisema mbele ya wageni kwamba wanawake wanaopeleka maziwa kwa baiskeli kule Gitega ni hadithi za mafundi wanaotafuta wateja. "Bon, Houssein, we iko fundi," akasema, "lazima usifie kazi yako." Nikaweka kijiko chini. Hasira zangu ziko karibu, nakubali, ila siku ile nilikuwa na haki. Nilipofungua mdomo wakanitoa nje nikapunge hewa, kwa hiyo nitasimulia hapa, kwa utulivu, bila mtu wa kunishika bega.

Kibanda changu cha baiskeli kiko Musinzira, mjini Gitega. Nimekaa hapo miaka ishirini na sita. Nimewaona wateja wa kila namna, wakiwemo wale wanaopaka mnyororo mafuta ya mawese halafu wanashangaa panya wameanza kuufuata. Adventina alikuja kwangu mara ya kwanza akisukuma baiskeli nyeusi ya mzigo aliyovuka nayo mpaka kutoka Tanzania. Nilimuuliza mwenye baiskeli yuko wapi. Akaipindua mwenyewe magurudumu juu, mpaka nikaona aibu. "Mwenye baiskeli ndiye mimi, fundi," akasema. "Spoku tatu zimekatika nyuma. Usiniwekee za mbele, najua tofauti."

Nikajua huyu hatanisumbua. Au atanisumbua sana. Yote mawili yalitokea.

Alizaliwa Katumba, upande wa Mpanda, ambako wazazi wake walikimbilia mwaka wa sabini na mbili. Huko, anasema, mwanamke juu ya baiskeli hageukiwi na mtu. Familia iliporudi Burundi alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili. Wakapata shamba Ryansoro, na baada ya mwaka akaolewa na Adriano, kijana wa kilima hicho hicho. Na hapo ndipo alipokosea.

Lazima nieleze kwanza salamu za Ryansoro. Kule vilimani kusalimu si kupunga mkono. Mtu mzima unamwendea, unamshika mikono, unamkumbatia, unamuuliza alivyoamka, watoto, ng'ombe, mvua. Naye anakuuliza vilevile, na hamwachani mpaka yeye aliye mkubwa aachie mikono yako kwanza. Na kwa mke aliyeolewa, ukoo mzima wa mumewe ni wakubwa.

Wiki ya pili ya ndoa, Adventina alikuwa anaenda sokoni kwa baiskeli, akamwona mama mkwe wake, Imelda, amesimama njiani na dada zake wawili. Akapiga kengele wamwone. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti nzuri, "Shikamooni, mama zangu!" na akaendelea kukanyaga pedeli. Kwa malezi ya Katumba, alikuwa amewapa heshima yote aliyokuwa nayo. Kwa Ryansoro, alikuwa amewasalimu wakwe zake akiwa amekaa, tena juu yao, tena akiondoka.

Ukoo ulikaa kikao. Adventina na Adriano wakapeleka mtungi wa pombe ya ndizi kuomba radhi, na Imelda akatoa sharti lake mbele ya watu wote. Baiskeli apande, alisema, yeye hana ugomvi na chuma. Lakini watu wake hawatapitwa na mtu aliye juu.

Adventina alilishika sharti hilo miaka kumi na mitatu. Kutoka kwake hadi barabara ya lami kuna nyumba kumi na tisa, na kumi na nne kati ya hizo ni za ukoo wa Adriano. Akishuka kusalimu kila mlango, hata mwenye miguu angemwacha njiani. Mtu mwingine angeuza baiskeli. Yeye akatafuta njia isiyo na nyumba.

Akaipata mtoni. Zamani, bondeni chini ya Ryansoro, kulikuwa na kiwanda cha matofali kilichotandika reli nyembamba kando ya mto, ya kupitisha vigari vya udongo vinavyosukumwa kwa mikono. Kiwanda kilikufa. Vigari vikaliwa na kutu, vipande vingi vya reli vikahama na kwenda kuwa nguzo za malango ya watu, na tuta lote likamezwa na majani. Watu wa pale walipotazama bonde waliona kichaka chenye nyoka. Adventina, aliyekulia jirani na reli ya Mpanda, aliona kitu kingine. "Fundi, reli haipendi mlima," aliniambia siku moja akisubiri nimzibie tairi. "Popote ilipolala reli, pameshatafutwa tambarare. Wale waliopima walinifanyia kazi bila kunijua."

Kilomita kumi na nne, tambarare, kutoka chini ya kilima chake hadi nyuma ya kituo cha maziwa cha mjini. Kila Jumamosi ya kazi za jamii, wengine walipopewa mitaro ya kuzibua na viwanja vya shule vya kufyeka, yeye aliomba apewe reli. Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Walimuuliza treni inafika saa ngapi. Wanawake watano wakajiunga naye, Klara na Gaudensia wakiwa wa kwanza, na akawafundisha kuendesha huko huko mtoni, mbali na macho ya watu. Waling'oa mataruma, zile mbao zinazolaliwa na reli, yaliyooza, wakashindilia kokoto, wakaweka mbao za mkaratusi pale kijito kinapokata tuta. Baiskeli zao zote sita nilizisuka magurudumu mimi. Spoku arobaini nyuma, za chuma kinene. Hamadi asikie hiyo.

Sasa, maziwa. Ushirika wa wafugaji wa kilima ulikuwa na wabebaji wanaume waliopita barabara ya juu. Barabara hiyo ina vilima vitano na vibanda vya pombe saba, na vijana wale hawakutaka kumnyima mtu yeyote heshima. Maziwa yalifika mchana. Pale kituoni wanachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kichupa, kupima kama yameanza kuchacha. Yakishikana mabonge, bidoni nzima, yaani dumu zima, inarudi. Mara mbili, mara tatu kwa wiki, jasho la familia nzima lilimwagwa mtaroni. Adventina mwenyewe alishaona maziwa ya ng'ombe wake yakimwagwa, akalia barabarani bila kujificha.

Akaenda kwenye mkutano wa ushirika akaomba kazi hiyo yeye na wenzake. Mwenyekiti, Nazario, alikuwa mtu wa haki lakini mwoga wa maneno ya watu. "Mi sikatae," akamwambia Adventina, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Lakini écoute, sikia, Mama Zawadi. Siku sita. Saa mbili asubuhi maziwa iko kituoni. Siku moja tu mukichelewa, ao bidoni moja ikirudi, ni kwisha. Wanaume watarudia kazi yao, na hatutaongea iyi maneno tena." Adventina akakubali pale pale, bila kumuuliza mtu.

Siku tano zikaenda salama. Siku ya tano jioni aliniletea gurudumu la Klara lililopinda, nikalinyoosha, na kwa kuwa lilikuwa kazi ya mkono wangu nikaapa kuwafuata siku ya sita na pampu yangu na viraka. Nilikwenda kulala kwa jamaa Ryansoro. Mvua ikapiga hadi alfajiri.

Tulipofika kwenye kijito, mbao za mkaratusi zilikuwa zimechukuliwa na maji. Vilibaki vyuma viwili vya reli ya zamani juu ya maji ya matope. Nilianza kutukana. Adventina akavua viatu. Walivusha bidoni moja moja, kumi na mbili, za lita ishirini kila moja, wakipokezana kwenye vyuma vile vilivyoteleza, kisha baiskeli. Mimi nilivusha pampu. Tulipopanda tena, saa yangu ilionyesha saa moja na dakika ishirini na tano, na tulikuwa na kilomita saba mbele.

Wakakanyaga. Sijawahi kuona magurudumu yangu yakifanya kazi vile. Adventina mbele, wengine nyuma yake mmoja mmoja, mto kulia, mashamba ya magimbi kushoto, tuta jembamba kiasi kwamba ukikosea kidogo unaoga. Nilikuwa nyuma kabisa nikihema kama mzee, na nilijua kwamba tukienda hivyo hivyo, bila kusimama hata mara moja, tungefika.

Kisha tuta likapinda, na katikati ya njia walikuwa wamesimama wazee wanne wa ukoo na majembe yao, wametoka kuangalia magimbi yaliyolala kwa mvua. Wa kwanza kati yao alikuwa Imelda.

Nilihesabu haraka. Wanawake sita mara wazee wanne, kila mmoja mikono, kukumbatiana, watoto, ng'ombe, mvua. Na baiskeli yenye lita arobaini hushuki kama unashuka kwenye kiti. Ukishashuka kwenye tuta lile unahitaji mtu wa kukushikia ndiyo upande tena. Nikasema moyoni, yamekwisha. Niliona mgongo wa Adventina. Alijua pia. Angeweza kupiga kengele akapita. Maziwa ya kilima kizima yalikuwa nyuma yake, na nani angemlaumu? Lakini alikuwa ametoa neno lake kwa mama yule. Akafunga breki, akapunguza mwendo, akainua mguu mmoja ashuke.

"Oya! Usishuke!"

Ni Imelda aliyepiga kelele hiyo, kwa Kirundi, nami naileta hapa kwa Kiswahili. Aliruka pembeni ya njia akaingia kwenye tope la magimbi hadi kwenye mashavu ya miguu, akawavuta wenzake nao waingie. Mzee mmoja wa kiume hakutaka. Alikuwa mwenye haki yake ya salamu, na alisimama kuidai. Imelda akamshika kwenye shati akamshusha. "Toka njiani! Huyo ni umukazana wanje!" alisema, yaani mke wa mwanangu. "Anabeba maziwa yetu. Mimi nimeshasalimiwa, miaka kumi na mitatu nasalimiwa na huyu. Pita, mwanangu, pita ukiwa juu!"

Na Imelda, yeye aliye mkubwa, ndiye aliyeanza kupiga makofi. Adventina alirudisha mguu kwenye pedeli, baiskeli ikayumba kidogo, ikashika njia. Alipompita mama mkwe wake aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia usukani. Wakapita wote sita. Nikapita na mimi, na sioni haya kusema kwamba sikuwa naona vizuri mbele yangu, na haikuwa jasho.

Tulifika saa mbili kasoro dakika sita. Bidoni kumi na mbili zikapimwa kwa spiriti mbele ya macho ya Nazario, aliyekuja mwenyewe na kofia yake ya mikutano. Hakuna hata moja iliyoshikana. Alichungulia kichupa cha mwisho kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji, kisha akamwita Adventina, akamkabidhi daftari la mapokezi ya maziwa ambalo wabebaji wanaume walikuwa wakilishika. "Voilà," akasema, "kuanzia kesho, iyi iko yako." Klara akaanza kuimba. Mimi nikawaambia watu wote waliokuwa pale ni nani aliyesuka magurudumu yale, na niliwaambia mara mbili.

Sikuwa na sababu ya kurudi nao, kibanda changu kilikuwa karibu pale. Lakini nilirudi. Bidoni zilikuwa tupu zikigongana nyuma, jua limekwisha kutoka, na wanawake walikuwa wakitaniana kwa sauti iliyovuka mto. Imelda alikuwa bado shambani, peke yake sasa, akiyainua magimbi yake na kuyafukia tena. Hakututazama. Alikuwa amekwisha kusamehe salamu ya siku hiyo na hakuwa anadai kitu.

Adventina alishuka akiwa bado mbali, hatua hamsini au zaidi. Akanipa baiskeli niishike. Akavua viatu kwa mara ya pili siku ile, akashuka kwenye tope, akamwendea mama mkwe wake katikati ya magimbi, akamshika mikono. Wakakumbatiana, wakaulizana walivyoamka, watoto, ng'ombe, mvua. Walipofika mwisho wakaanza upya. Nilisimama pale nimeshika baiskeli na wateja wangu wananisubiri Musinzira, na nilitazama mikono ya yule mama iliyoshika ya Adventina. Hakuiachia.