Ngoma za Mpira Zilizoanikwa Juani

Sauti ninayoikumbuka si ya muziki. Ni ya viganja juu ya mpira, televisheni ikiwa imezimwa sauti, kama matone mazito yanayoangukia majani ya mgomba kabla mvua yenyewe haijaamua. Niliisikia nikiwa kibandani kwangu ng'ambo ya njia, mchana, saa ambazo Ifakara yote imelegea kwa joto na vumbi la pumba kutoka mashine ya mpunga linaelea hewani bila haraka ya kutua. Mara nyingine nilisinzia na redio ya mtu mapajani, ile sauti ikaingia ndotoni, na humo ndotoni sikujua kama ni mvua au ni yule mama wa ng'ambo akipiga.

Naandika haya kwa wasiwasi. Nimeishia darasa la saba, na daftari nililokuwa naandikia mambo ya kila siku limeliwa na mchwa upande mmoja, kwa hiyo kuna siku nina mwanzo wa sentensi bila mwisho wake. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Sitaki kumwonea mtu, hasa watu ambao hawapo hapa kujisemea.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa fundi redio. Ng'ambo ya njia kulikuwa na duka la vitambaa la mzee mmoja mtu wa pwani, mpole wa sauti na mgumu wa kubadili uamuzi, na nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba cha video. Shemeji yake aliyekuwa baharia alimletea mchezo wa televisheni ambao tulikuwa hatujapata kuuona. Badala ya vile vitufe vya kubonyeza kwa dole gumba, ulikuja na ubao wenye ngoma nne bapa za mpira: nyekundu, njano, kijani na bluu. Ubao unaungwa kwa waya kwenye mashine, halafu kwenye kioo alama za rangi zinashuka polepole kama maua yanayodondoka. Alama ikifika kwenye mstari wa chini, unapiga ngoma ya rangi yake. Ukipatia, namba inapanda. Ukikosa, mashine inatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Fimbo zake mbili zilipotea wiki ya kwanza, wala hakuna aliyezitafuta. Watu walipiga kwa viganja.

Aliyesimamia chumba hicho alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Mchombe, mjane, aliyenizidi miaka michache. Nilimwita dada. Alikuwa analala kwenye kichumba cha uani, kwa hiyo kazi na makazi vilikuwa kitu kimoja. Akipoteza kazi, pa kwenda ni kwa kaka yake huko Mchombe, nyumba aliyotoka kwa maneno mabaya. Aliniambia hayo mara moja tu, huku anakunja waya, bila kunitazama.

Baba yake alikuwa mpiga ngoma. Utotoni kazi ya huyu dada ilikuwa kuzipasha ngoma moto kabla ya shughuli: anakusanya nyasi kavu, anawasha, anaigeuza ngoma, anagonga, anasikiliza, anaigeuza tena, mpaka ngozi ikaze na kulia inavyotakiwa. Yeye alisema mpaka iive.

Chumba kikiwa hakina watu, alikuwa anapiga mwenyewe. Anazima sauti ya televisheni, anafumba macho nusu. Siku moja vijana wawili wa mashamba ya miwa, waliokuja na basi la Kidatu, walisimama mlangoni wakimwangalia.

"Mama, mbona hutazami kioo?" mmoja akauliza.

"Kioo ndicho kinanitazama mimi."

"Basi una jini."

"Ninalo. Ndilo linalokusanya viingilio. Mmelipa?"

Na namba kwenye kioo ilikuwa mia kamili, bila kosa hata moja. Niliiona mwenyewe, nilikuwa nimekuja kuomba maji.

Masika ya mwaka huo mto ulifurika, kuta zikatoa jasho, na ngoma ya njano ikawa kiziwi. Nililetewa ubao. Nikiri kwamba nilikuwa sijui ndani yake kuna nini, ila niliupokea kama mtu anayejua. Nilifungua skrubu taratibu. Chini ya kila mpira kulikuwa na kisahani chembamba cha shaba chenye utando mweupe juu yake, kama kile cha kengele ya saa ya mezani, na waya mbili nyembamba kama nywele. Mpira ukigongwa, kisahani kinatikisika na kutoa umeme kidogo mno, na huo ndio mashine inausikia. Niligonga kwa ukucha, sindano ya mita yangu ya kupimia umeme ikaruka. Nilikaa nikigonga, sindano ikiruka, nikagonga tena. Mguso mdogo hivyo, na mtu wa mbali huko aliwaza kuusikiliza. Nadhani nilikaa hivyo muda mrefu, maana kwenye daftari siku hiyo nimeandika tu: visahani.

Ubovu ulikuwa unyevu. Nilikausha, nikafunga, ikapona. Nilipomrudishia nilimwambia, kwa majivuno kidogo, "Dada, hii nayo ni ngoma kama ngoma nyingine. Kabla hujafungua chumba, ipe jua kidogo."

Maneno ndiyo hayo. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na mchwa hawakuyagusa.

Ushauri ulifanya kazi. Masika yote ubao haukuugua tena. Na mimi, kwa kusifiwa, nikataka kuongeza. Watu walilalamika kwamba mpira ni mgumu, viganja vinauma. Mwezi wa saba nilimwomba mwenye duka aniachie ubao siku tatu. Nilitoa mipira ya kiwandani, nikaweka mpira wa tyubu ya baiskeli juu ya sponji ya godoro. Nilibandua visahani nikavibandika upya katikati, na kila kimoja nikakifungia kinobu cha sauti kutoka redio mbovu, ili ngoma iweze kurekebishwa isikie kwa ukali au kwa upole. Ilitoka nzuri. Ukipiga kwa ncha ya kidole inasikia. Dada alipiga mara moja, akasema, "Sasa inapumua." Sijawahi kusifiwa vile na mtu, na siku hiyo nililala mchana nikiota alama za rangi zinashuka juu ya mashamba ya mpunga na watu wanazipokea kwa mikono.

Ila gundi ya kiwandani ilikuwa ngumu kama jiwe, na mimi sikuwa nayo ya aina hiyo. Visahani nilivibandika kwa gundi ya kuzibia pancha. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa kumi jua la bonde letu halina utani. Asubuhi moja, Alhamisi, ngoma zote nne zilichanganyikiwa kwa pamoja: ukigonga nyekundu inajibu kijani, ukiacha kugonga zinajipiga zenyewe, na bluu haikusema lolote. Chumba kilikuwa kimejaa. Watu walidai viingilio vyao. Mwenye duka akaja, akamsikiliza kila mtu, halafu akanyoosha mkono kwa dada bila kupandisha sauti.

"Lete ufunguo."

Ili nisimwonee, niseme kwamba alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia video mbili za kukodisha zilipotea chumbani humo, akasamehe. Na watu wengi walikuwa wamemwona dada akipiga ngoma zile kwa nguvu zake zote. Mzee alikuja kibandani na ubao kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Fungua uniambie kitu kimoja tu. Imepigwa mpaka ikafa, au imekufa yenyewe? Kama ameiua kwa kuipiga, kesho baada ya swala anafunga vitu vyake."

Nilifungua mbele yake. Gundi yangu ilikuwa imeyeyuka ikawa uji mweusi. Visahani vilikuwa vimeteleza kutoka mahali pake, waya zimekatika na kugusana, na kisahani cha bluu kilikuwa kimepasuka utando. Nilielewa kila kitu papo hapo. Nikasema, "Niachie mpaka kesho, mzee. Nichunguze."

Hakukuwa na la kuchunguza. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka siku moja zaidi ya kuitwa fundi.

Alasiri nilizunguka uani. Dada alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, nguo zake zimekwisha kukunjwa ndani ya kanga, kama mtu anayengojea basi.

"Dada, ubao ulikuwa unauanika?"

"Si wewe ulisema?"

"Nilisema kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani? Ngoma haina kidogo. Ngoma inaanikwa mpaka iive."

"Ulijuaje kama imeiva?"

"Nagonga, nasikiliza." Aligonga kinu kwa vifundo vya vidole akainamisha sikio, na kwa kitambo nikamwona mtoto wa kike mbele ya moto wa nyasi. "Masika ilikuwa sawa, jua lenyewe dogo. Sasa tangu uweke ule mpira wako, kila asubuhi nagonga, haijaiva. Naiacha. Nagonga tena, haijaiva. Mlio ni ule ule. Nikasema labda hii ya kizungu inataka jua refu."

"Kwa muda gani?"

"Tangu nikifagia mpaka saa nne. Siku nyingine saa tano. Juu ya bati la choo, pale panashika moto vizuri."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mpira haukazi kwa moto. Angeweza kugonga na kungoja mpaka mwaka uishe, ule mlio usibadilike.

"Nimeiua mimi, eti?" akauliza.

Sikumjibu. Hilo nalo naliandika, maana lilikuwa baya kuliko gundi. Nilisema tu, "Ngoja," nikaondoka.

Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, nilikwenda dukani. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kugawa makosa kwa haki: jua sehemu yake, dada sehemu yake, mimi yangu. Mzee alikuwa anakunja vitenge. Nilipofungua mdomo ule mgawanyo ulipotea.

"Mzee, hakuipiga ikafa. Mimi ndiye niliyemwambia aianike. Na ndani niliweka gundi ya pancha, ambayo si ya kukaa juani. Ya kiwandani isingeyeyuka. Nilijua ni gundi ya pancha, sikukwambia."

Alimaliza kukunja kitenge alichokishika. Akachukua kingine.

"Jana ulipofungua mbele yangu, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na yeye amelala usiku mzima na nguo kwenye furushi."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe sikukuajiri," akasema, "la sivyo ningekufukuza." Hakuwa anatania, ingawa mteja mmoja alicheka. "Inapona?"

"Tatu zinapona leo. Ya bluu sijui."

Alitoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya kaunta, akausukuma kwangu kwa kidole. "Mpelekee wewe mwenyewe. Na umweleze kama ulivyonieleza mimi, usipunguze."

Nilimweleza, pale pale kwenye kinu, bila kupunguza. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga, akaanza kufungua furushi na kutoa nguo moja moja. Alikuwa na haki ya kunitukana. Alisema tu, "Sasa itaiva na nini?"

"Haihitaji kuiva, dada."

"Basi si ngoma," akasema, na tangu hapo kwa muda mrefu alinijibu salamu kwa kifupi. Sikumlaumu.

Tatu zilipona siku ile. Nilizilehemu upya, na visahani nikavibandika kwa gundi ngumu niliyoiomba kwa fundi wa stesheni. Kwa ya bluu nilifungua saa mbovu ya kengele niliyokuwa nayo, nikatoa kisahani chake. Kilikuwa kidogo, hakikufika nusu ya kile cha zamani. Ngoma ya bluu ikawa inasikia katikati tu, eneo lisilozidi kifuniko cha soda. Pembeni ungeweza kupiga mpaka jioni, haikujibu. Niliona aibu kuurudisha ubao ukiwa hivyo, ila niliurudisha.

Siku chache baadaye nilisikia tena viganja. Nilivuka njia nikasimama mlangoni, sikuingia. Ubao ulikuwa kivulini, juu ya meza. Katikati ya ngoma ya bluu dada alikuwa amebandika donge la nta ya nyuki, bapa, jeusi, kama baba yake alivyobandika katikati ya ngozi ili ngoma iseme vizuri. Kila alama ya bluu iliposhuka, kidole chake cha kati kilitua juu ya nta, hakikukosea. Macho alikuwa ameyafumba nusu. Nilirudi kibandani kabla hajageuka, nikachukua redio ya mtu mapajani, nikaendelea kusikiliza.