Duara Jekundu la Tarehe Kumi na Nne

Jirani yangu Oreste alikuwa mwashi. Ukuta wake hukuti umepinda, lakini muulize leo Jumanne au Ijumaa, anakutolea macho. Tarehe zote zilikuwa kazi ya mkewe, Argia. Miaka arobaini na sita, kila baridi ilipoisha, Argia ndiye aliyetazama mwezi angani akasema, "Leo tunatia chupani." Huku kwetu divai nyekundu ya lambrusco ikitiwa chupani mwezi ukiwa si wake, haichachi tena humo ndani, na lambrusco isiyo na povu ni aibu hata kumpa jirani.

Argia alifariki Agosti. Machi ilipofika, Oreste akaona duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, tarehe kumi na nne. Siku hiyo akajaza chupa mia mbili peke yake. Jioni nikaingia kwake, nikatazama ukutani, nikachoka.

"Oreste, hii kalenda ya mwaka jana."

"Si ndiyo yenye mwandiko wake?"

"Mwezi haufuati tarehe, bwana wee. Umeiua divai."

Nilimsema vibaya, najuta. Ilikuwa divai ya mwisho ya mizabibu aliyoipogoa Argia kwa mkono wake. Miezi mitatu Oreste alizunguka chupa zile, akizishika, akizirudisha.

Juni tukafungua ya kwanza. Povu likaruka mpaka kwenye soseji zilizoning'inia juu. Nikacheka kwa furaha. Yeye alikunja uso.

"Sielewi," akasema. "Mwaka jana tulitia chupani ile siku ya mvua, wewe ukashika mpira wa kupitishia divai. Ilikuwa Aprili. Sasa hili duara la nini?"

Nilitamani niwe kwangu. Siku ya duara nilimpeleka Argia hospitali kwa gari langu, naye akaniapisha nisimwambie mumewe.

"Alikwenda kwa daktari," nikasema. "Alisema atakwambia mwenyewe divai ikishaingia chupani. Hakutaka uharibu kazi."

"Na iliingia."

"Iliingia."

"Aprili, Mei, Juni, Julai. Mbona hakuniambia?"

Oreste akaishusha kalenda ukutani, akaiweka mezani kwenye divai iliyomwagika, akafunua Aprili, kisha Mei, akitafuta duara jingine.